Mshipa Aliokatwa Baba

Baba yangu alikuwa mlaji. Sisemi mlafi, maana mlafi hujali wingi, na baba alijali utamu. Alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha Chang'ombe, na kabla hajawa mume wa mama alikuwa mteja wake. Mama alikuwa na kibanda cha chakula nje ya ukuta wa kiwanda hicho: mabati machache juu ya nguzo, mabenchi, na mafiga matatu yaliyokuwa hayapoi. Alikuja Dar akiwa msichana, kutoka Newala, kumfuata kaka yake aliyekuwa mchonga vinyago, na mali aliyokuja nayo ilikuwa mkono wake wa kupika. Kisamvu chake alikitwanga mpaka kikalainika kabisa, akakipika kwa tui zito na korosho za kusaga. Wenzake baba wamenisimulia kwamba alipokuwa akila kisamvu kile alifumba macho, na ukimuuliza jambo hakujibu mpaka sahani iishe. Akamuoa.

Nyumbani sikuwahi kumsikia akimwambia mama asante kwa chakula. Asante ilikuwa ya kuletewa maji ya kuoga. Kwa chakula alikuwa na mambo mengine. Alinyamaza, akahema, akaomba ukoko, akapangusa sahani kwa kidole, halafu akamtazama mama kwa namna iliyonifanya nijitafutie kazi ya kufanya nje. Nilikulia katikati ya hayo na nikadhani ndoa zote ziko hivyo.

Tuliishi Temeke, kwenye nyumba ya urithi wa upande wa baba. Chumba cha mbele kilikuwa cha shangazi, dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufa. Shangazi hakumpenda mama tangu siku ya posa, na hakujificha. Alimwita "yule wa kusini" hata mama akiwa amesimama mbele yake na ndoo ya maji kichwani. Alisema mdogo wake amefungwa kwa sahani. Miaka hiyo baba alikuwa na afya yake, maneno hayo yalimchekesha.

Ugonjwa ulianza kama kiungulia. Baba akawa anatembea na vidonge vyeupe vya kutafuna, midomo yake ikawa na ukungu wa chokaa saa zote. Watu walimshauri maziwa, maji ya kabichi, mwarobaini. Akaacha pilipili, akaacha ndimu, akaacha kahawa ya barazani. Mchana mmoja, kiwandani, alitapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa, akaanguka. Walimkimbiza hospitali, wakamwongezea damu, na alipopata nguvu kidogo daktari wa upasuaji akamwita mama na shangazi pamoja. Mie nilikuwepo, nimeshika chupa ya uji.

Daktari alikuwa na haraka lakini alieleza vizuri. Alisema tumbo la baba linatengeneza tindikali nyingi mno, na anayeliamuru litengeneze ni mshipa wa fahamu, mshipa mrefu unaotoka kwenye ubongo, ukishuka shingoni na kifuani mpaka tumboni. Huo wataukata. Watapanua pia mlango wa chini wa tumbo ili chakula kipite. Tumbo likikosa amri litatulia, na vidonda vyake vya tumbo vitapona. Shangazi aliuliza kama mshipa huo una kazi nyingine. Daktari akasema hauna kazi nyingine ya kumtia mgonjwa wasiwasi.

Vidonda vilipona, hilo lazima nilikiri. Baba hakutapika damu tena maisha yake yote. Alirudi nyumbani amekonda, na mshono uliomshuka kutoka kifuani hadi kitovuni, na majirani walikuja kumsomea dua ya shukrani. Kwa wiki kadhaa alikunywa uji tu. Mama alikuwa akihesabu moyoni mwake siku ya kumpikia chakula cha kweli, na ilipofika alikwenda mwenyewe sokoni kutafuta kisamvu kichanga. Aliamka alfajiri kutwanga. Nyumba nzima ilinukia.

Baba alikula matonge matatu, akasogeza sahani. "Asante," alisema.

Mama alibaki ameshika kitambaa cha kufutia mikono. Akamuuliza kama chumvi imepungua.

"Chumvi ipo."

"Tui?"

"Tui lipo. Kila kitu kipo."

"Sasa kisichokuwepo nini?"

Baba alifikiri. Nakumbuka alivyofikiri, kwa sababu hakuwa mtu wa kufikiri mbele ya chakula. "Nakisikia mdomoni," alisema. "Kikishapita kooni, kinapotea. Kama nimemeza pamba."

Mama alidhani ni ugonjwa haujaisha. Akangoja. Alibadilisha vyakula: wali wa nazi, samaki wa kupaka, ming'oko, mizizi ya porini, aliyoletewa na watu waliotoka kwao. Kila mara baba alionja, akasema kila kitu kipo, akashiba kwa matonge manne. Na kila mara alisema asante. Neno hilo likawa kama kofi. Mama alianza kulijibu kwa kubamiza vyombo, na baba, ambaye hakuwa na ugomvi zamani, akaanza kutafuta makosa. Akasema moshi. Akasema mkono wa mama umeshazoea kupikia vibarua, hauwezi tena kumpikia mtu mmoja. Siku moja alisema labda chakula chenyewe hakikuwa kizuri tangu zamani, alikuwa kijana tu na njaa. Mama alisimama. Alichukua sahani, akaenda kummwagia kuku.

Shangazi alikuwa akisikia yote kutoka chumba cha mbele, na kwake jambo lilikuwa wazi: mtu aliyefungwa kwa chakula amefunguliwa kwa kisu cha daktari, na sasa mfungaji anajaribu tena kwa dawa kali zaidi. Akaanza kumpikia mwenyewe. Ikawa kila jioni baba analetewa mabakuli mawili, la dada yake na la mkewe, na yeye anakula kidogo hapa na kidogo pale bila furaha yoyote, kama mtu anayemeza dawa. Shangazi alihesabu matonge. Akila matano kwake na manne kwa mama, kesho yake mtaa mzima ulijua.

Halafu kukaja jasho. Baba akinywa chai yenye sukari nyingi, au akila vitu vitamu kama kalimati, baada ya muda mfupi alilowa mwili mzima, moyo ukamwenda mbio, miguu ikamlegea, ikabidi alale chini. Mara ya kwanza ilitokea na chai ya mama. Ya pili pia, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akipika chai ya asubuhi. Shangazi hakuhitaji ya tatu. Aliita kikao cha ukoo.

Kilikaliwa uani kwetu, baada ya sala ya adhuhuri. Alikuja mjomba wake baba, mzee kutoka Mbweni, pamoja na ndugu wengine wachache ambao sikuwazoea. Mama alikalishwa kwenye kigoda, peke yake, upande wa jikoni. Kaka yake hakuitwa. Shangazi alizungumza kwa muda mrefu. Alisema habari za jasho, za kukonda, za mume kuchukia mji wake, na alisema kusini wanajulikana kwa mambo hayo. Mzee wa Mbweni alikuwa na haraka ya kurudi kwake kabla jua halijazama. Akaagiza chakula cha mama kiletwe.

"Hatukutuhumu, mwanangu," alimwambia. "Kula tu, nyoyo zetu zitulie."

Mama alikula bakuli zima. Hakuharakisha. Alikula akimtazama shangazi usoni, na alipomaliza akalamba vidole kimoja kimoja. Watu wakaanza kuona haya, na naamini mambo yangeishia pale kama mzee asingemgeukia baba na kumuuliza yeye anasemaje juu ya mkewe.

Baba alikuwa anatazama mkeka. "Mie sijui anachotia," alisema. "Najua tu kwamba zamani kilikuwa chakula."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifungwa kama ulivyofungwa uso wa mama. Hakulia. Aliosha bakuli, akaliweka juu ya kichanja. Tangu siku ile hakumpikia tena. Haikupita wiki tukahamia Mbagala, kwenye chumba kilichopakana na cha mjomba mchonga vinyago. Mama alibeba sufuria zake na mwiko. Vitu vingine vyote aliviacha.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila mtu alikuwa akiuza kitu, mitumba, redio, mafuta ya kupaka, na Mbagala watu walikuwa wakijenga kwa fujo, kila upande matofali na mchanga. Mama alifungua kibanda kando ya barabara ya kusini, akawapikia mafundi na wapakuzi wa malori. Walikula wakitoa jasho la pilipili na kumwita mama kwa heshima. Kila mmoja aliyesifia chakula, mama alikuwa akiguna tu. Niliona sifa hazimwingii. Zilikuwa zimechelewa, na zilitoka kwa watu wasiohusika.

Talaka haikutolewa. Shangazi aliidai kwa niaba ya mdogo wake, lakini baba hakuiandika, na mama hakuiomba. Alisema hatoki kwenye ndoa akiwa mchawi. Baba aseme kwanza.

Mie nililazimishwa kwenda Temeke kila likizo, kwa amri ya mama mwenyewe, kwa kuwa alikuwa baba yangu. Nilikuwa nikimwamkia shikamoo na kukaa mbali. Nilimchukia. Alikuwa amekuwa mtu wa suruali kubwa na mkanda uliotobolewa upya, na ulimi mkali. Hakugombana na shangazi peke yake. Aligombana na kila aliyekula mbele yake. Kwenye harusi moja alimwambia jirani aliyekaa naye sinia moja kwamba anakula kama mnyama. Yule bwana hakuwa amefanya lolote isipokuwa kufurahia biriani. Ilibidi watu waingilie. Nikamwona baba akiondoka ukumbini bila viatu vyake, na nikafurahi kwamba ameaibika.

Baadaye kiwanda kilipata wenye mali wapya na baba akapunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Muda si mrefu akaanza kuanguka ovyo. Nilikuwa nimemaliza shule, kwa hiyo nilitumwa nimpeleke zahanati mojawapo ya zile za binafsi zilizokuwa zimeanza kufunguliwa Temeke. Daktari alikuwa dada kijana. Alimpima, akasema damu yake imepungua sana, akaona mshono na kumuuliza alifanyiwa nini. Baba akaeleza. Dada yule akaacha kuandika, akamuuliza kuhusu hamu ya kula, na kuhusu jasho baada ya vitu vitamu. Hakuwa ameambiwa habari za jasho. Baba akanitazama, kana kwamba nimemwambia mie.

Alieleza mambo mawili. La kwanza, mlango wa tumbo ulipanuliwa, kwa hiyo chakula kinaanguka haraka kwenye utumbo, na sukari ikianguka hivyo mwili unapata mshtuko. Ndiyo sababu ya jasho na moyo kwenda mbio. Ale kidogo kidogo, mara nyingi, aache sukari, asinywe maji katikati ya mlo. La pili lilihusu mshipa.

"Mshipa uliokatwa hauteremshi amri tu," alisema. "Habari zinazopanda ni nyingi kuliko amri zinazoshuka. Tumbo linapopata chakula linaupelekea ubongo habari. Kwako habari hazifiki tena kama zamani."

Baba aliuliza kama unaweza kuungwa. Daktari akasema hapana. Kisha, labda kwa kutaka kumfariji, akasema siku hizi vidonda vingi vinatibiwa kwa vidonge, kwa kuwa imejulikana vinasababishwa na vijidudu, na watu hawakatwi tena kwa wingi kama zamani. Baba alicheka cheko baya. Daktari akamkumbusha kwamba alikuwa akivuja damu, na bila upasuaji ule huenda angekufa. Baba akasema ni kweli.

Alianza kwa dada yake. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akasema yule daktari ni mtoto wa kike aliyesomea vitabu vya Wazungu, mambo mengine vitabuni hayamo. Kesho yake baba alikuja Mbagala. Mama alikuwa anakoroga ugali wa mchana, wateja wamekaa. Hakumkaribisha wala kumfukuza. Baba alisimama pembeni ya moto, akaeleza alichoambiwa, akamaliza kwa kusema, "Si wewe."

"Nani alikuwa amekwambia ni mie?" mama aliuliza.

Baba akageuzia uso kwenye moto.

"Kayaseme palepale uliposemea yale."

Na aliyasema. Ilichukua muda kuwakusanya, na mzee wa Mbweni alikuwa mgonjwa hakuja, lakini baba alisimama uani kwetu Temeke mbele ya ndugu zake, akasema mkewe hakumtilia kitu, kilichomwondolea utamu ni mshipa uliokatwa hospitalini, na yeye alijua tangu mwanzo kwamba hajui, akamwacha mkewe abebe lawama. Mama alikuwa amesimama mlangoni pamoja na kaka yake, hakukubali kukaa. Shangazi alikuwa amewapa watu mgongo. Baba alipomaliza, shangazi akauliza bila kugeuka:

"Sawa, mshipa. Na hivyo vidonda vya kwanza nani alimtia?"

Mama akacheka. Alicheka kwa sauti, mpaka mjomba akamshika mkono. Kisha tukarudi Mbagala, na mama hajakanyaga tena nyumba ile, hata shangazi alipofiwa, hata alipoumwa.

Nimesoma mengi juu ya mshipa ule tangu wakati huo. Sina elimu ya udaktari, lakini mtu aliyepata jeraha husoma. Nimesoma kwamba habari zinazopanda kutoka tumboni zinafika mpaka kule ubongoni kunakotengenezwa dopamini, kitu kinachomfanya kiumbe atake, atafute, arudie kilichompendeza. Ulimi unakwambia hiki ni kitamu. Tumbo ndilo linaloushawishi ubongo kwamba kilistahili kutafutwa. Mengi ya hayo wameyaona kwa wanyama, kwa binadamu bado wanachunguza, na kuna watu waliokatwa kama baba wakaendelea kula kwa raha zao. Kwa hiyo sina uhakika. Nimesoma pia kwamba kuna kifaa kidogo wanachomwekea mtu kifuani, chini ya ngozi, na waya wake wanauzungushia mshipa huohuo shingoni, kinaugonga kwa umeme mdogo mdogo, na kwamba kinasaidia baadhi ya wenye kifafa na baadhi ya wenye huzuni isiyosikia dawa. Baba walimkata, wengine wanagongewa. Watu hudhani kujua haya kumenipoza. Kumeniongezea hasira tu, maana sasa sina hata mtu mmoja wa kumkasirikia sawasawa.

Baada ya kikao kile cha pili, shangazi alipangisha chumba cha baba kwa mfanyabiashara wa mitumba. Baba akatokea Mbagala na godoro kichwani. Mama alimpa sharti moja: asiseme lolote juu ya chakula, si jema, si baya, na hasa asimwambie asante. Akakubali. Hawakuwa wapenzi tena. Walikuwa watu wawili kwenye kibanda kimoja, wanaosemezana mambo ya kuni na maji. Kazi aliyopewa ilikuwa kukuna nazi. Mwanamume mzima juu ya mbuzi ya nazi, kando ya barabara kuu. Wapita njia walimcheka, na mama hakuwakataza. Alikuna vizuri, nyembamba, bila kufikia gamba. Akala alivyoelekezwa, kidogo kidogo, kwa kutazama saa.

Alichokuwa hawezi kuacha ni kuwatazama wateja. Aliwatazama kama mtu anavyomtazama aliyevaa shati lake lililoibwa. Mchana mmoja alikuwepo fundi matofali, kijana mnene, amemaliza sahani ya kisamvu na anaifuta kwa kidole. Baba aliacha kukuna.

"Unasikia nini?" alimuuliza.

Yule kijana alidhani ni utani. "Utamu, mzee."

"Mdomoni?"

"Mdomoni." Akafikiri, akajipapasa chini ya kifua. "Na hapa. Kama moto fulani hivi."

Baba akaendelea kumtazama mahali pale alipojipapasa, muda mrefu, mpaka kijana akashusha mkono na kuangalia pembeni. Mama alikuwa amesikia. Alikuja akachukua sahani ya yule fundi, akamwambia baba awaache watu wale chakula chao, na nazi za jioni bado hazijavunjwa.